Saa Nane na Dakika Arobaini

Jumapili, 7 Aprili

Mwanangu, kifungua mimba wangu, salamu kwanza, mengine yakae foleni. Mimi mama yako ni mzima, ila magoti yananinung'unikia nikikaa sana kwenye cherehani. Baba yako anakusalimu, anasema niandike kwamba bado anajinyoa mwenyewe. Shangazi yako anakusalimu kwa mdomo wake ule ule, haujapungua hata nusu inchi. Mdogo wako na mkewe wanakusalimu. Mtoto wao, ambaye hajawahi kukuona, anasema shangazi yake anaishi ndani ya simu. Jirani yetu Kilomita, yule aliyeendesha malori miaka thelathini, anakusalimu na anauliza kama barabara za huko zina mashimo. Fundi mkuu wa karakana yetu ya kushona anakusalimu. Paka hakusema kitu, amelala.

Uliniambia: mama, kila simu ikikatika unakumbuka uliyosahau, basi yaandike. Haya, nayaandika. Daftari ni la vipimo vya wateja, usishangae ukikuta kiuno cha mtu katikati ya habari. Mwandiko ni wa darasa la nne, uvumilie. Yule muuguzi tunayemshonea magauni anahamia mji wako mwezi wa sita, ameahidi kukuletea.

La macho unalijua lakini niliandike, labda nikiliandika litaacha kunizunguka kichwani. Jicho la kushoto la baba yako limeshakwenda. La kulia atapasuliwa Jumanne tarehe 28 Mei. Daktari hakuzunguka, alisema linaweza kubaki, linaweza kwenda. Tulipofika nyumbani ndipo baba yako akasema, "Nataka kumwona binti yangu kabla ya hiyo siku." Hajaomba kitu kingine. Unajua si mtu wa kuomba.

Umesema utaomba likizo. Nangoja.

Jumatatu, 8 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Mikono thelathini na miwili ya sare za shule, yote kushoto.

Alhamisi, 11 Aprili

Tumempeleka baba yako kupima presha ya jicho. Pale tunapokaa kungoja wamebandika ramani ya dunia, kubwa kama shuka. Nikamwomba karani anionyeshe mji wenu. Nikatoa tepu yangu begani nikapima kutoka kwetu mpaka kwako. Sentimita arobaini na nne. Mkono wa shati la mtoto wa darasa la tatu.

Karani akacheka, "Mama, unamshonea nani?"

Nilicheka naye lakini mkono wangu ulibaki pale ukutani. Baba yako akauliza kutoka kwenye benchi, "Ni mbali?" Nikamwambia, mkono mmoja tu wa shati.

Jumapili, 14 Aprili

Umepiga saa mbili usiku kama kawaida, baada ya baba yako kula. Umepata siku nne! Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na Jumatatu, kabla tu ya upasuaji. Nilipiga kigelegele mpaka Kilomita akagonga ukuta kuuliza nani ameolewa.

Ila nikuambie ukweli kwa kuwa hapa huwezi kunikatiza. Ulipiga miayo mara tano. Nilizihesabu. Mtu anaongea na mama yake mara moja kwa wiki anapiga miayo? Nilipokuuliza huko ni saa ngapi ukasema, "Ni usiku, mama, kama kwenu." Kama ni usiku kama kwetu, mbona mimi sina usingizi?

Shangazi yako alikuwa ameketi karibu. Akasema, "Anachoka na sisi." Nikamwambia ale anyamaze.

Jumatatu, 15 Aprili

Picha ya tiketi imefika kwenye simu. Nimempelekea Kilomita kwa sababu yeye ndiye anayeelewa mambo ya safari. Akavaa miwani, akachukua penseli. Kuondoka huko Alhamisi saa nne na dakika ishirini usiku. Kufika hapa Ijumaa saa moja asubuhi. Akahesabu kwa vidole, kisha kwa penseli, kisha kwa vidole tena.

"Saa nane na dakika arobaini," akasema.

"Basi?"

"Basi. Hata tairi halijapoa."

Kaulizia pia umbali kwenye simu ya mkwe wake: kilomita elfu kumi na mia saba. Akasema kwa lori angetumia siku kumi na nane, akilala vizuri. Mkewe akamuuliza, "Na bahari utaivuka kwa gia gani?"

Wote walicheka, mimi sikucheka. Saa nane na dakika arobaini, mwanangu! Fundi wa kola pale karakanani anakaa kwenye basi saa kumi na moja nzima kwenda kwa mama yake, na kila mwezi anakwenda. Wewe ni miaka sita unaniambia, "Mama, ni mbali mno, hujui." Sasa najua.

Jumanne, 16 Aprili

Sikulala vizuri. Niliamka kuangalia kama paa linavuja. Halivuji.

Jumatano, 17 Aprili

Nimeshona mkono wa kulia kwenye bega la kushoto. Mara mbili. Fundi mkuu akainua shati juu wote waone, akasema, "Huyu mtoto atakuwa anapungia watu waliopita." Nimefumua nikashona upya. Leo niliinuka kwenye cherehani mara ngapi sijui, naenda dirishani, narudi. Hakuna kitu dirishani.

Jumapili, 21 Aprili

Nimesema. Nilikuwa nimejiapiza nisiseme, lakini ulipopiga mwayo wa kwanza tu, ulimi ukaniteleza.

"Mwanangu, kuja hapa ni saa nane na dakika arobaini. Tiketi yako mwenyewe imesema."

Ukasema, "Mama, si hivyo."

"Si hivyo vipi? Saa zimeandikwa wazi. Miaka sita unatutia changa la macho, baba yako anapofuka, na wewe upo usingizi mmoja tu kutoka hapa!"

Nilikusikia unavuta pumzi. Nilidhani utanijibu, nilitaka unijibu, tugombane vizuri yaishe. Ukasema tu, "Sawa, mama. Nitakuja. Usiku mwema." Ukakata. Kwa mara ya kwanza umekata wewe.

Baba yako alikuwa amesikia yote. Akasema, "Umempiga mtoto kwa saa." Nikamwambia, "Wewe ndiye uliyembembeleza mpaka akaharibika." Tukalala migongo ikitazamana.

Shangazi yako ndiye peke yake aliyefurahi. Hilo lingenitosha kujua kwamba nimekosea.

Jumatano, 24 Aprili

Mvua. Vifungo mia mbili.

Jumapili, 28 Aprili

Saa mbili. Saa mbili na nusu. Saa tatu. Simu nimeiweka juu ya meza, nikaihamishia dirishani, labda mtandao. Nikaizima nikaiwasha. Mdogo wako akasema, "Mama, ukiendelea kuitingisha hivyo itatapika."

Hukupiga.

Jumatatu, 29 Aprili

Ujumbe wako umeingia mchana: "Samahani mama, niko zamu." Maneno manne. Nimeyasoma kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia.

Alhamisi, 2 Mei

Umetuma picha ya tiketi ya kurudi. Hukuandika neno juu yake wala chini yake. Nimevaa kofia ya mvua nikaipeleka simu kwa Kilomita hivyo hivyo viatu vikiwa na tope.

Kuondoka hapa Jumapili saa saba mchana. Kufika huko Jumatatu saa sita mchana.

Kilomita alihesabu, akafuta, akahesabu. Akanitazama juu ya miwani. "Saa ishirini na tatu."

"Kuja nane, kurudi ishirini na tatu? Njia si ile ile?"

"Labda kurudi inapanda mlima," akasema. Mkewe akamwambia, "Mlima gani angani, mzee?" Akasema, "Upepo basi. Lori likipigwa upepo wa mbele linakula mafuta mara mbili." Lakini nilimwona, hata yeye hakujiamini.

Shangazi yako yeye ana jibu tayari, huwa analo kabla ya swali. "Amechagua ndege ya kuzunguka ili asikae kwenu siku nne. Jumapili mchana ameshaondoka! Hesabu siku atakazolala hapa. Mbili."

Nimehesabu. Ni mbili kweli. Nimekasirika, halafu nikaogopa, halafu nikakasirika tena kwa sababu ya kuogopa.

Jumapili, 5 Mei

Hukupiga. Baba yako alikaa kwenye kiti chake akiwa ameshanyoa. Saa tatu akasema, "Mtoto amechoka tu," akaenda kulala akipapasa ukuta. Zamani alikuwa anapaka rangi ukuta kama huo kwa nusu siku bila kudondosha tone.

Jumanne, 7 Mei

Nimefagia uwanja mvua ikinyesha. Mke wa mdogo wako ameninyang'anya ufagio.

Alhamisi, 9 Mei

Hii nitaiandika polepole.

Leo nilitumwa shule kupima watoto wa sare mpya. Walinipa chumba cha mwalimu wa jiografia. Nilipomaliza mabega ya darasa la tano, watoto wakatoka, nikaona juu ya kabati dunia ya plastiki, ile ya mviringo inayozungushwa. Nikamwomba mwalimu aishushe. Mwalimu ni mwanamke wa rika lako, mpole, ana wino kwenye vidole.

Nilichukua uzi mweusi. Nikabana ncha moja kwetu, nikauvuta mpaka kwako nikaukaza. Haukupita pale nilipopita na tepu kwenye ramani ya hospitali. Ulipanda juu kidogo, ukakata kona. Mwalimu akataka kunieleza nikamwambia, "Hilo naliona, mwanangu. Karatasi ya kukatia nguo ni bapa, bega ni duara. Ukipima bapa utashona vibaya." Akacheka sana, akasema angewaambia wanafunzi hivyo hivyo.

Kisha nikazungusha uzi mwingine kiunoni mwa dunia yote, nikaukunja mara nne, nikaulinganisha na ule wako. Uko robo ya dunia na kipande cha kidole. Robo! Mimi nilikuwa nimekuweka kwenye mkono wa shati.

Nikamwambia, "Sasa ndege inakwendaje robo ya dunia kwa saa nane na dakika arobaini, na kurudi saa ishirini na tatu?" Nikamwonyesha tiketi zote mbili kwenye simu.

Alizitazama kidogo tu. Akaizungusha dunia mpaka mji wenu ukaelekea dirishani na sisi tukabaki upande wa kabati. "Mama, jua linawafikia wao kwanza," akasema. "Saa zilizoandikwa kila upande ni za upande huo. Wao wametutangulia kwa saa saba. Kuja si saa nane, ni nane na saba. Kurudi si ishirini na tatu, punguza saba."

Nilihesabu kwa vipande vya chaki. Kuja saa kumi na tano na dakika arobaini. Kurudi saa kumi na sita. Njia ni ile ile. Hakuna mlima. Hukunidanganya hata dakika moja.

Mimi niliwahi kusikia kwamba saa za huko zimepishana na zetu. Nilidhani ni kama saa ya duka na saa ya nyumbani, dakika kumi hivi, watu wanataniana yanaisha.

Nilikuwa nakusanya tepu yangu niondoke. Nikasimama. Nikamuuliza, "Mwalimu, hapa ikiwa Jumapili saa mbili usiku, kwao ni saa ngapi?"

"Saa tisa usiku."

"Ya siku ile ile?"

"Wao wameshaingia Jumatatu."

Nikakaa kwenye kiti cha mtoto wa shule, kile kidogo, magoti yakaja kidevuni. Mwalimu akaniuliza kama nataka maji.

Ni mimi niliyekupangia saa mbili, mwanangu. Ulipoondoka nilikuambia, piga saa mbili usiku baba yako akishakula na mimi nimeshanawa mikono. Ukasema sawa. Miaka sita unaamka saa tisa usiku, baridi ya huko, kuniambia habari za wazee unaowatunza, na kunisikiliza nikikusimulia bei ya vifungo, halafu asubuhi unakwenda kuwaogesha wazee hao. Na mimi nakuhesabia miayo. Ningekuwa karibu ningejizaba kofi.

Ijumaa, 10 Mei

Kwenye karakana simu ni mwiko wakati wa kazi. Saa nne asubuhi nimesimama mbele ya fundi mkuu. "Nina simu ya kupiga sasa hivi. Kesho ni kuchelewa, leo jioni kwake ni usiku."

"Kwa nani?"

"Kwa binti yangu. Sasa huko ni saa kumi na moja jioni, mtu yuko macho kama binadamu."

Akanitazama, akatazama saa ya ukutani kana kwamba imemtukana. Akasema, "Nenda stoo. Na mlango ufunge, usije ukawaliza hawa wakanikatia vitambaa kombo."

Ulipokea kabla haijalia mara mbili. "Mama! Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Sikiliza..."

"Baba? Niambie ukweli mama, ni baba?"

"Baba yako anakula. Nyamaza kidogo mtoto! Nimejua habari ya saa tisa."

Nikasikia magari ya huko yakipita. Ukasema taratibu, "Nani amekuambia?"

"Kwa nini hukuniambia wewe?"

"Ungeniambia nisipige, mama. Au ungeanza kuamka wewe."

Basi nikakulilia kwenye marobota ya kitambaa cha bluu. Uliniambia yote wakati huo. Kwamba zile Jumapili mbili ulikuwa unafanya zamu za watu wawili kulipia siku nne ulizopewa. Kwamba kutoka kazini kwako mpaka uwanja wa ndege ni treni mbili. Kwamba ukitua Jumatatu mchana, Jumanne alfajiri uko kazini. Ukasema, "Lakini nakuja. Umesema nije, nakuja."

Nilikuwa na neno mdomoni, "usije," nikalimeza. Macho si yangu kuyaamulia, ni ya baba yako.

Jumamosi, 11 Mei

Nilimweleza baba yako nikimkatia kucha. Nilimpa uzi wenyewe ashike, kwa kuwa hawezi kuuona vizuri, mweusi kwenye kiganja chake. Akaupitisha vidoleni kutoka ncha mpaka ncha.

"Atalala hapa siku mbili," nikamwambia. "Atafika hajalala, ataondoka hajalala. Lakini utamwona kabla. Uamuzi ni wako, mimi yangu nimeshayaharibu."

Nikaendelea na kucha za mkono wa pili. Nilitamani aseme aje. Nilitamani aseme asije. Sijui nilitamani nini.

Akasema, "Jicho likienda, sura ya mwisho nitakayobaki nayo ndiyo ile atakayokuja nayo. Amekonda, macho mekundu, anatazama saa. Nikae na hiyo mpaka nife?"

"Na likienda kabla hujamwona?"

"Nitabaki na niliyonayo. Nakumbuka siku anaondoka, amevaa koti ulilomshonea, refu mno mikono. Alikuwa anacheka." Akarudisha uzi mkononi mwangu. "Mwambie aje akiwa na wiki tatu. Kama siwezi kumwona nitamsikia akizunguka nyumbani."

Mimi nilidhani miaka yote hii kwamba mzee huyu anakubembeleza kwa sababu haoni makosa yako. Kumbe anaona kuliko mimi.

Jumapili, 12 Mei

Tumekupigia sisi, saa nne asubuhi, kukuambia usije sasa. Uligoma kama nilivyojua. Baba yako akachukua simu, akaishika kichwa chini, nikamgeuzia. Akasema maneno machache, hukumjibu ila kwa kulia. Mwisho akasema, "Hii ni amri. Zamani nilikuwa nakuamuru ukalale, ni ile ile."

Shangazi yako alitoka nje. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, akasema ni vitunguu. Hakuna aliyekuwa anapika.

Alhamisi, 23 Mei

Leo, usiku wa huko, ndipo ungepanda ndege. Mvua imekatika, nimekaa mlangoni. Kila nikiona taa ya ndege moyo unaruka, na najua kabisa hupo ndani.

Ijumaa, 24 Mei

Saa moja asubuhi. Ungekuwa umefika. Baba yako amenyoa, sikumuuliza kwa nini. Labda tumekosea. Nimeshona kola kumi na nne, sikumbuki hata moja.

Jumanne, 28 Mei

Wamemwingiza saa tatu asubuhi. Nilikaa chini ya ile ramani yao, nikaipa mgongo. Kilomita alikuja kunisindikiza, akawa anatembea kutoka mlango mpaka mlango akihesabu hatua. Akasema ni mita ishirini na mbili kwenda na ishirini na mbili kurudi, amehakikisha, hapa hakuna saa zilizopishana. Alikuwa anataka nicheke. Nilijitahidi.

Ametoka saa sita. Bandeji nyeupe, uso umevimba. Akauliza, "Mtoto ameambiwa?" Nikamwambia kwake ni jioni, tayari nimempigia, yuko macho.

Jumatano, 29 Mei

Wamefungua bandeji. Daktari akainua vidole, akauliza ni vingapi. Baba yako alitazama kama mtu anayechungulia kwenye kioo chenye mvuke.

"Vitatu."

Vilikuwa viwili. Lakini daktari akatabasamu, akasema cha tatu ni kivuli. Jicho lipo. Ukungu unaweza kupungua, unaweza kubaki kidogo, tutajua vizuri baada ya wiki sita.

Kisha baba yako akageuza kichwa, akanitafuta mpaka akanipata. Akanikazia macho.

"Umezeeka," akasema.

"Na wewe ulikaa kipofu vizuri tu," nikamjibu. Muuguzi akatuomba tusicheke kwa nguvu, kidonda bado kibichi.

Jumapili, 2 Juni

Mvua zimekwisha. Muuguzi wetu anaondoka keshokutwa na daftari nampa leo. Nilitaka kuchana kurasa zile za mwezi wa nne, mkasi ulikuwa mkononi. Nimeziacha. Uzisome ujue mama yako alivyo, wala usizifiche kwa sababu ya aibu yangu.

Wiki sita zinaangukia tarehe 10 Julai. Baba yako amezihesabu kwa vidole vyake na anaviona vyote, na kivuli kimoja cha ziada. Anasema usije kabla ya siku hiyo, anataka akuone vizuri, na usije baada yake sana. Umesema msimamizi wako atakujibu kuhusu zile wiki tatu. Mtu gani anajibu polepole hivyo? Mwambie kuna mzee huku anajinyoa kila siku.

Akishakupa tarehe tuma neno upesi, usingoje Jumapili. Andika saa za huko na saa za huku, zote mbili, ubavu kwa ubavu. Jibu haraka, mwanangu. Ila ukilipata daftari hili usiku, lala kwanza.

Mama yako.